Mhusika Alipwe Nini Ndipo Akue? Mchezo wa Kuigiza Mezani Katika Ukanda wa Dhahabu

Kijana wa Kahama au Katoro aliyezoea michezo ya simu anajua kwamba askari wake akiua maadui wa kutosha anapanda ngazi. Siku akikaribishwa kwenye mchezo wa kuigiza mezani, wa karatasi, penseli na dadu, anauliza swali lile lile: mtu wangu atapanda lini? Msimulizi anayeendesha mchezo humjibu kwa namna mbili zisizopatana. Mara anamwambia aongeze namba kwenye karatasi, mara anamwambia kukua ni tabia kubadilika na namba si kitu. Kikao kikiisha, mmoja anaona mhusika wake amekua kwa kuwa ana nguvu 16 badala ya 14, mwingine anaona wake amekua kwa kuwa hatimaye amemsamehe kaka yake. Wote wawili wana haki, ndiyo maana ubishi hauishi.

Uchambuzi huu unapitia njia ambazo michezo hiyo imetumia kuwakuza wahusika tangu 1974, na kuzijaribu zote mahali pamoja: kwenye mchezo unaotokea machimboni, Shinyanga na Geita. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa mapambo. Kanuni ya kwanza kabisa ya kumkuza mhusika ilikuwa kanuni ya dhahabu, na ni vema ikapimwa penye watu waliokwisha kuona dhahabu inavyomfanya mtu.

Namba na mtu kwenye karatasi moja

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Watu wachache wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali palivyo, anawasemea watu wote wasio na mchezaji, na anaamua yatokanayo. Kila aliyebaki ana mhusika mmoja, anasema mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu inatupwa. Toleo la kwanza kuuzwa, Dungeons & Dragons la Gary Gygax na Dave Arneson, lilitoka Marekani mwaka 1974, likichipuka kutoka kwenye michezo ya vita ya kupanga askari wa sanamu. Jipya lilikuwa hili: badala ya kuongoza jeshi, mchezaji alimwongoza mtu mmoja, na mtu huyo hakufutwa mchezo ulipokwisha. Alirudi kikao kilichofuata na makovu yake, mali zake na uwezo alioongeza.

Kwenye bao jambo hili halipo. Kete ya fundi na kete ya mwanagenzi ni ile ile. Anayekua ni mchezaji. Mchezo wa kuigiza umeuingiza ukuaji ndani ya kete, na tangu hapo karatasi moja imebeba vitu viwili, hesabu ya uwezo na habari za mtu. Hesabu inataka kanuni, maana bila kanuni wachezaji watalalamikia upendeleo. Habari za mtu hazikubali kanuni kirahisi. Kila njia iliyobuniwa baadaye ni jaribio la kuvifunga viwili hivyo pamoja, na kila njia inavifunga kwa kulipia kitu fulani. Kinacholipiwa ndicho wachezaji watakachokifanya tena wiki ijayo, hata kama hadithi iliyotangazwa inahusu jambo lingine kabisa.

Dhahabu

Kanuni ya 1974 ilikuwa wazi: sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa pangoni ni alama moja ya uzoefu. Mpiganaji alihitaji alama 2,000 kufika ngazi ya pili, mchawi 2,500. Kuua adui kulileta alama pia, lakini nyongeza ya kanuni iliyotoka 1975 ilizipunguza sana, hazina ikabaki kuwa njia kuu ya kukua.

Wengi huicheka kanuni hii. Kubeba sarafu kunamfanyaje mtu awe hodari wa upanga? Wanaocheka hawaoni akili iliyomo. Mchezo unaolipia dhahabu haumlazimishi mtu kupigana. Anaweza kuiba, kudanganya, kufanya biashara, au kumkimbia joka na mfuko begani. Tena dhahabu inahesabika, hivyo hata msimulizi mwenye kinyongo hawezi kumpunja mchezaji.

Ukiipeleka machimboni, kasoro inajitokeza mapema. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alihangaika kwa miaka akitafuta chimbuko la almasi hadi akalipata Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Kwa kanuni ya 1974 mtu huyo alikuwa mwanagenzi mpaka siku ile, kisha akapanda ngazi chungu nzima kwa mkupuo. Tunajua ilikuwa kinyume: elimu na ubishi wa kutokata tamaa vilitangulia, mali ikafuata. Upande wa pili wapo ambao mali imewatangulia. Rashi ikilipuka, habari zikienea kwamba mawe ya mahali fulani yanalipa, watu wanahamia kwa mamia ndani ya siku chache. Anayebahatika kwenye duara fupi, yaani shimo la uchimbaji lisilo na kina kirefu, anaweza kushika fedha ambazo hajawahi kuziota, akazimaliza kabla mwezi haujaandama, akarudi kuchimba kwenye duara la mtu mwingine. Je, huyu amekua? Kanuni inasema ndiyo, na haina namna ya kumshusha.

Arneson mwenyewe alikuwa na dawa yake. Katika kitabu The First Fantasy Campaign cha 1977, kinachoeleza mchezo aliouendesha nyumbani, dhahabu haileti alama kwa kupatikana. Inaleta alama inapotumika, tena kwa mambo ambayo mhusika huyo anayapenda: pombe, mapenzi, dini, umaarufu na mengine. Badiliko hilo dogo linauweka mchezo wote sawa. Tangu masoko ya madini yaanze kufunguliwa 2019, Geita ikiwa ya mwanzo, mchimbaji anauza mahali panapojulikana, na swali zito linaanza anapotoka mlangoni na fedha mfukoni. Anunue pampu ya kutoa maji duarani? Alipe deni la mfadhili? Apeleke ng'ombe wa mahari, au aezeke bati nyumba ya mama? Au awanunulie bia watu wote baa nzima? Kila uamuzi unasema jambo juu ya mtu. Hata bia inaleta alama, na hapo kanuni ya Arneson inawapita wahubiri, kwani anayetapanya anakua pia, ila anakua kuelekea kwingine.

Mapambano

Njia hii ndiyo iliyoenea zaidi, lakini maneno machache yanaitosha. Toleo la pili la Dungeons & Dragons, la 1989, liliisukuma kanuni ya dhahabu pembeni ikawa ya hiari, na toleo la tatu la 2000 likaegemea moja kwa moja kwenye kuwashinda maadui. Michezo ya kompyuta ilirithi fikra hiyo, ndiyo maana kijana wa Katoro anaileta mezani bila kufundishwa na mtu.

Faida yake ni wepesi wa hesabu na msisimko. Hasara ni kwamba inamfanya kila mhusika kuwa mtu wa kutafuta ugomvi, na katika ukanda huu ugomvi mkubwa haumalizwi kwa rungu. Wachimbaji wadogo walioondolewa kwenye machimbo ya Bulyanhulu Agosti 1996 hawakukabiliwa na joka. Walikabiliwa na amri ya serikali, haki za kampuni na mstari kwenye ramani. Msimulizi akilipia mapigo, wachezaji wake hawataona sababu ya kujifunza leseni ya uchimbaji mdogo inapatikanaje, na hapo ndipo nguvu ilipo. Hata palipokuwa na mapambano ya kweli, kama vikundi vya ulinzi vya Sungusungu vilipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakabili wezi wa ng'ombe, nguvu haikuwa ya shujaa mmoja aliyepanda ngazi. Ilikuwa ya kijiji kilichoitikia filimbi. Kuna michezo michache inayokipa kikundi kizima karatasi yake, na hiyo ingefaa zaidi hapa.

Stadi

RuneQuest, iliyotoka 1978, iliachana na ngazi. Kila stadi ina namba yake kati ya 1 na 100. Ukiitumia stadi ukafaulu mahali penye hatari, unaiwekea alama ya vema. Kisa kikiisha unatupa dadu: ukipata zaidi ya namba uliyonayo, stadi inaongezeka, ukipata pungufu, inabaki palepale. Mwenye 30 ana nafasi kubwa ya kupanda. Mwenye 85 hupanda kwa nadra. Hesabu hiyo inafanana na maisha ya kazi kuliko nyingine yoyote: mgeni anajifunza mengi mwezi wa kwanza, na fundi anayesoma mwamba kwa kuugonga anaweza kukaa mwaka bila kuona jipya.

Machimboni stadi ni nyingi na zinatofautiana: kusimika magogo ya kuzuia duara lisibomoke, kukadiria mawe, kuosha, kupatana bei, kusuluhisha mgawo. Mchezo wa stadi unampa kila mchezaji kona yake. Ila unazaa ujanja wake. Wachezaji huanza kutumia stadi ili tu waipate ile alama ya vema. Mmoja anapatana bei ya vocha, mwingine anakagua kuta za choo. Na kuna pengo kubwa zaidi: mtu anaweza kupanda kutoka 30 hadi 80 katika uchenjuaji akabaki mtu yule yule.

Call of Cthulhu ya 1981 ilitumia mashine hiyo hiyo ya hesabu ikaongeza gharama. Humo, kadiri mhusika anavyojua siri za kutisha, ndivyo akili yake inavyopungua uwezo wa kutulia. Ujuzi unapanda, mtu anashuka. Wazo hilo halihitaji majini ya baharini ili lifanye kazi hapa. Anayechoma zebaki kila siku anazidi kuwa fundi, na mvuke huo huo unamwingia kwenye mishipa ya fahamu hadi mikono inatetemeka. Mchezo unaoandika stadi na mikono inayotetemeka kwenye karatasi moja unasema ukweli ambao mchezo wa ngazi hauwezi kuusema.

Traveller ya 1977 ilikwenda upande wa pili: mhusika anakulia kabla ya mchezo kuanza. Mchezaji anatupa dadu kwa vipindi vya miaka minne minne ya utumishi, anakusanya stadi, anazeeka, na katika kanuni za awali aliweza hata kufa kabla ya kikao cha kwanza. Kwa mhusika aliyezunguka migodi kadhaa kabla ya kufika machimbo ya Nyarugusu, njia hii inampa historia nzito ndani ya nusu saa. Baada ya hapo hakui sana, na wachezaji vijana huchoka.

Hatua za kisa

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la 2014, limeruhusu msimulizi aache kuhesabu: kisa kikifika mahali pake, anatangaza kwamba wote wamepanda ngazi. Amani inapatikana. Aliyeuguliwa akakosa vikao viwili haachwi nyuma, na hakuna anayeharibu hadithi kwa kufukuzia alama. Kwa mwalimu mwenye kipindi kifupi na wanafunzi wanaobadilika kila wiki, hii ndiyo njia inayowezekana.

Bei yake ni kwamba hadithi inakuwa mali ya msimulizi. Watanzania wanaufahamu vizuri ukuaji wa namna hiyo kutoka redioni. Twende na Wakati, mchezo wa Redio Tanzania ulioanza 1993, uliwajenga wahusika wake kwa makusudi: Mkwaju, dereva wa lori, alikwenda kwenye maangamizi na UKIMWI, wakati Tunu mkewe alibadilika hatua kwa hatua mpaka akasimama kwa miguu yake. Redioni utaratibu huo unafaa, maana wasikilizaji wanahitaji njia iliyochorwa. Mezani Mkwaju ana mchezaji. Siku yoyote mchezaji huyo anaweza kulisimamisha lori na kugoma kuendelea na safari, na msimulizi aliyekwisha kuandika mwisho wake hatajua la kufanya. Msimulizi wa namna hiyo ana mchezo mzuri wa redio, na angeutafutia kituo.

Kushindwa na kura ya wenzako

Dungeon World ya 2012 inamlipa anayeshindwa: dadu mbili zikitoa 6 au chini yake, mambo yanaharibika na mhusika anapata alama moja. Wachezaji waoga huwa majasiri ghafla. Lakini kanuni hiyo inavilinganisha visivyolingana. Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangarata, wilayani Kahama, walitolewa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Alama moja ya kukosa kufungua mlango na alama moja ya duara kuporomoka haziwezi kuwa sawa. (Na kabla ya kuweka duara linaloporomoka mezani, msimulizi awaulize wachezaji, ukanda huu familia nyingi zina mtu wao aliyefukiwa.)

Njia ya kura ina jamaa yake wa karibu Usukumani. Katika mbina, mashindano ya ngoma baada ya mavuno, kundi la Bagika na la Bagalu hucheza wakikabiliana, na watazamaji ndio waamuzi kwa miguu yao: wanakosogea, huko ndiko kwenye ushindi. Primetime Adventures ya 2004 inafanya vivyo hivyo mezani kwa kuwaachia wachezaji wamtuze mwenzao aliyewafurahisha. Uzuri wake ni kwamba meza inajitambua inapenda nini. Ubaya nao unaonekana kwenye mbina yenyewe, ambako makundi hutafuta kila mbinu ya kuvuta umati, nyoka wakiwemo. Mezani mwenye sauti kubwa hushinda, na mkimya anayemkuza mhusika wake polepole hapati kitu.

Kikao kimoja, hesabu saba

Tuchukue kikao kimoja cha mfano. Wahusika watatu, Kabula, Masanja na Shija, wamepata mifuko miwili ya mawe kama mgawo wao. Wanayaponda kwa nyundo na kuyapeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Mwenye karasha anataka abaki na marudio yote, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, kwa kuwa anajua wenye matangi ya sianidi watayanunua. Masanja anabishana naye mbele ya watu, anatupa dadu, anashinda: nusu ya marudio ni yao. Unga unaoshwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia, zebaki inashika dhahabu, donge linakamuliwa kwenye kitambaa. Shija analichoma juu ya mkaa bila kifaa cha kukinga mvuke. Dadu inamkataa, anapata pungufu na kifua kinambana. Kabula anakadiria uzito, anauza sokoni, anagawa, na kwa sehemu yake analipa deni la mama ntilie aliyewalisha kwa mkopo tangu masika.

Kwa kanuni ya 1974 wote watatu wanapata alama sawasawa. Kwa mapambano hakuna aliyepata kitu. Siku nzima ni bure. Kwa stadi, Masanja na Kabula wanaweka alama ya vema, Shija hana. Kwa hatua za kisa tunasubiri msimulizi aamke na neno. Kwa kushindwa analipwa Shija peke yake. Kwa kura anashinda Masanja, maana kelele za karashani ziliichekesha meza. Kwa kanuni ya Arneson anatangulia Kabula, na mchezaji wa Shija anaulizwa swali ambalo njia nyingine hazikumuuliza: sehemu yako wewe utaifanyia nini?

Kwa mchezo wa ukanda huu, jibu langu linaegemea hapo. Dhahabu ihesabiwe inapotoka mkononi, stadi zipande kwa utaratibu wa RuneQuest, na kila stadi yenye sumu au hatari iandikiwe madhara yake kando. Mapambano yasilipiwe chochote. Yatatokea tu, na yatakuwa na uzito zaidi yasipokuwa na malipo. Hatua za kisa zibaki kwa ajili ya kufunga msimu. Hapa Pendragon ya Greg Stafford, ya 1985, inafundisha jambo la maana: kikao kimoja huwa takriban mwaka mmoja wa mhusika, na kila mwaka unafungwa kwa majira ya baridi ambapo mhusika anaongeza umri, anaoa, anahesabu mali ya nyumba, na akifa mtoto wake anarithi nafasi. Huku kwetu ufungaji huo una wakati wake: mvua zinapokaribia na wachimbaji wengi wanarudi mashambani kulima. Hapo kila mchezaji aeleze mhusika wake amerudi nyumbani na nini, nani alikuja kumpokea, na nani alikaa ndani makusudi.

Mchanganyiko huu una gharama zake. Unataka msimulizi anayeandika, kwa sababu kwenye kila karatasi panahitajika sehemu ya madeni: mhusika anamdai nani, anadaiwa na nani, tangu lini. Unamchelewesha mchezaji anayetaka kuona namba zikipanda kila kikao, na wa namna hiyo si wachache. Tena unaweza kuwapendelea wahusika wenye familia kubwa, kwani wana pengi pa kupeleka fedha. Msimulizi itabidi amtafutie mgeni asiye na ndugu rafiki wa kambini, au mfadhili mwenye roho ngumu, ili naye awe na wa kumlipa. Kikundi kinachokutana mara moja kwa mwezi hakitaweza kubeba hesabu zote hizo. Kikundi hicho kiache alama za stadi kabisa, kibaki na dhahabu na madeni.